Ndege Waliosusia Wali

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimehamia Kasubi, hapa hapa Kampala. Vyumba viwili vya uani, nyuma ya nyumba ya Hajati Salme, na kibaraza kinachotazama bustani. Makubaliano ni ya mdomo: tukae mwezi mmoja kwanza. "Tukizoeana, vizuri. Tukishindwana, tutaagana kwa heri, mwanangu," alisema Hajati, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuagana na wapangaji wengi.

Lazima tuzoeane. Nikishindwa hapa ninarudi Kansanga kwenye kochi la dada yangu Phelister, na Phelister atakuwa ameshinda.

Niandike alichosema, nisije nikakilainisha baadaye. Tuligombana kuhusu friji. Nilikuwa nimegawa rafu kwa haki na kubandika majina. Majina ya watu, na chini yake majina ya vyakula. Phelister alisimama mbele ya friji iliyo wazi, akasoma yote, akasema polepole kwamba hakuna binadamu anayeweza kuishi na mimi. Akafikiri. Akaongeza kwamba hata ndege hawezi kujenga kwenye mti nilioegemea.

Ya binadamu nimeisamehe. Ya ndege inaweza kupimwa.

Mpango: kila asubuhi chai kibarazani, kimya, bustani mbele yangu. Ndege watakuja. Nitapiga picha. Phelister atapelekewa picha bila maneno.

Asubuhi ya kwanza bustani ilijaa. Kwera wa manjano, shomoro, shore wenye vishungi vyeusi, kuzumburu wenye mikia mirefu kuliko wao wenyewe, na chozi mmoja mdogo aking'aa kwenye maua kama kipande cha chupa. Wote upande wa Hajati, penye ngazi ya jikoni, wakila wali aliowamwagia. Upande wangu: mjusi.

Kwarara wakapita juu na zile kelele zao. Sitasema walinicheka. Lakini hawakulia walipopita juu ya Hajati.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimesoma kwamba ndege huogopa mwendo wa ghafla. Basi leo nilikaa bila kutikisika. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mwili ukitulia ndipo mawazo yanapoanza kupanga upya viti.

Ustadhi Faizal, mwana wa Hajati, alipita akienda madrasa anakofundisha. Akanisalimu. Sikujibu, maana kulikuwa na shomoro karibu. Akanisalimu tena. Akasogea, akauliza kwa upole kama nimezimia au ninasali. Nikamjibu bila kufungua meno kwamba ninatazama ndege. Akatazama na yeye. Shomoro alikuwa ameshaondoka.

"Haya, dada," akasema. "Basi na sisi tukutazame wewe." Akaenda zake.

Mkate niliorusha uliliwa na jogoo wa Hajati. Aliumaliza, akapangusa mdomo kwenye majani, akaniangalia kama mhudumu aliyemchelewesha.

Nimewaza kutwa. Kwetu Bungoma ndege walikuwa adui. Utoto wangu ulipita shambani kwa mama nikigonga bati ili wasile wimbi. Nilikuwa hodari, mama alinisifu mbele ya watu. Labda ndege wanaambiana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Hakuna kazi. (Kazi yangu ni kusahihisha ripoti za watu wengine kuhusu maji. Leo maji yapumzike.) Siku nzima ya uchunguzi.

Nimemchungulia Hajati nyuma ya pazia. Anatoka baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijapanda. Mkononi ana sinia la wali. Anagonga ukingo wa sinia kwa pete yake, na ndege wanashuka kama wanafunzi waliosikia kengele. Anamwaga kwa mkono wa kulia, kidogo kidogo, midomo ikitembea bila sauti. Nadhani anawahesabu.

Hitimisho: haya si mapenzi. Ni wali na kengele. Mtu yeyote mwenye chakula bora na anayeamka mapema zaidi anaweza kumshinda.

Nikaenda sokoni kununua mtama. Mama muuzaji akaniuliza, kwa heshima ya Kiganda, "Nyabo, kuku yako iko ngapi?" Nikasema sina kuku, ni wa ndege. "Ndege ya nani?" Nikasema ndege wa Mungu. Akamwita mwenzake muuza nyanya aje anione. Wakaniangalia wote wawili kwa utulivu, kisha yule wa mtama akaniongezea konzi moja bure. Nadhani ilikuwa huruma. Nimeichukua.

Nimenunua pia papai, na bogoya, zile ndizi mbivu tamu za hapa. Beseni la maji ninalo. Kengele yangu itakuwa kijiko kwenye kikombe.

Sijisikii vibaya hata kidogo. Ndege hawana mkataba na mtu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ushindi.

Nilitoka gizagiza, Hajati akiwa bado kwenye mkeka wa sala. Mtama chini ya kibaraza, bogoya kwenye misumari ya nguzo, papai ukutani. Nikagonga kikombe. Kwa muda mrefu hakuna kitu. Kisha shomoro mmoja, aliyejifanya anapita tu. Kisha wawili. Kisha bustani yote ikahama, kama msikiti unaogeuka baada ya kugundua kibla kiko upande mwingine.

Kuzumburu waliningʼinia kwenye papai, matumbo wameyaelekeza juani. Shore mmoja aliniangalia kwa jicho la kushoto, akageuza kichwa, akaniangalia kwa la kulia, kana kwamba anatafuta maoni ya pili. Kwera waligombana juu ya mtama uliowatosha wote. Nikawaelewa.

Nilikaa. Chai ikapoa. Baadaye nikagundua kwamba kwa muda fulani sikuwa nikifikiri chochote: si Phelister, si friji, si ripoti. Naandika hili kwa sababu halijanitokea tangu nikiwa chuoni. Ilikuwa kama kuingia chumba ndani ya nyumba yako mwenyewe ambacho hukujua kipo.

Kisha nikakumbuka picha. Nikazituma. Phelister akajibu: "Umewafunga kamba?"

Hajati naye alitoka na sinia lake. Akagonga. Hakuna aliyeshuka. Akagonga tena. Nikampungia mkono kwa heshima. Hakupunga. Wivu, kwa umri ule. Nilisikitika kidogo kwa niaba yake, nikaongeza mtama.

Jumapili, 12 Oktoba

Wali wa Hajati umebaki chini tena. Kuku wamekula wa juu, sisimizi wanabeba uliobaki. Jana alibadilisha: harufu ya samli ilinifikia mpaka kibarazani. Rushwa. Nami leo nimetoa karanga zilizopondwa. Ushindani huinua ubora, kila ripoti niliyowahi kusahihisha inasema hivyo.

Amekuja mgeni: ndege mkubwa wa kijivu, mdomo wa manjano, anacheka kama mjomba aliyealikwa harusi mbili siku moja. Alikula bogoya nzima, ganda akaliacha kwenye msumari.

Hajati alisimama ngazini na sinia tupu mpaka jua likamfikia miguuni. Hakuonekana kukasirika. Ningependelea angekasirika.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nianze na Faizal.

Alikuja jioni, akaketi kwenye ukingo wa kibaraza, hatua chache kutoka kwenye sahani yangu ya mtama. Akasema mama yake hali vizuri tangu Ijumaa, na kwamba labda mimi, ninayekaa nje asubuhi, nimeona kitu.

Baba yake, Mzee Mahmoud, alifariki mwaka jana. Alikuwa na mazoea ya kuwalisha ndege kabla hajanywa chai. Tangu azikwe, Hajati hubakiza wali wa chakula chake mwenyewe, na kila alfajiri anaumwaga kwa nia ya marehemu, iwe sadaka inayomfikia alipo. Ile midomo haikuwa ikihesabu. Ilikuwa ikimwombea. Jumapili hii ni kisomo cha hitima, kutimia mwaka. Na wiki hiyo hiyo ndege wamekataa wali.

"Anasema sadaka imerudishwa," akasema Faizal. "Anasema baba yangu kuna jambo linamshika."

Yeye kama mwalimu amemweleza mama yake kwamba kukubaliwa kwa sadaka hakupimwi kwa midomo ya ndege. Mama akamjibu, "Wewe umesoma. Mimi nimeolewa." Sasa anakaa chumbani anapekua maisha ya marehemu moja moja, akitafuta ni nani alimdhulumu.

Kisha akaniuliza tena: nimeona kitu?

Hapa ndipo mtu mwenye elimu na dhamiri anaposema ukweli. Ukweli ulikuwa kwenye sahani, kati yetu, na shomoro mmoja aliyechelewa alikuwa juu yake.

Nikasema labda ni paka.

Hakuna paka. Sijawahi kuona paka katika uwanja huu. Neno lilitoka lenyewe, limevaa viatu tayari. Faizal akafurahi sana. Akasema atakopa mtego kwa rafiki yake.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeamua: hakuna haja ya maungamo. Ninaondoa mtama, ndege wanarudi kwenye wali, Hajati anakula, yamekwisha. Kosa lililorekebishwa kabla halijajulikana ni karibu sawa na lisilotendwa.

Niliondoa kila kitu. Ndege wakaja vilevile. Wakajipanga kwenye kamba yangu ya nguo, wakaniangalia. Hajati akagonga sinia. Hawakugeuka hata. Nikawanong'oneza waende. Shore akanijongelea zaidi.

Basi nikatumia ujuzi wa utotoni. Nikachukua kifuniko cha sufuria na mwiko, nikagonga kama nilivyogonga shambani kwa mama.

Ujuzi haujapotea. Waliondoka wote: wangu, wale wawili watatu waliokuwa wakielekea kwa Hajati, njiwa wa jirani, na chozi ambaye hahusiki. Hata jogoo aliingia jikoni. Bustani nzima ikanyamaza, Hajati akiwa amenyoosha mkono wenye wali.

Aliuangalia ule mkono. Akaurudisha wali kwenye sinia, punje kwa punje zilizombakia vidoleni, akaingia ndani, akafunga mlango.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nilikwenda kusema kweli. Naapa nilikwenda kwa nia hiyo. Nilikuwa nimepanga maneno kama ripoti: utangulizi, matokeo, mapendekezo.

Hajati alinikaribisha sebuleni, akanipa chai ya maziwa na mandazi yenye iliki. Uso umepungua. Kabla sijafika mwisho wa utangulizi akaniambia kwamba amelipata jambo linalomshika marehemu.

Mzee Mahmoud alikuwa na dada mmoja tu, Nuriat, anayeishi Kansanga. Bintiye Nuriat alipoolewa, kaka mtu ndiye aliyepewa uwakala wa kumwozesha. Akachelewa. Mvua, gari, maneno ya kila siku. Watu walisubiri, wakasubiri, kisha wakamweka mzee mwingine, ndoa ikafungwa. Mzee Mahmoud alifika wakila pilau. Akageuka mlangoni bila kula. Yeye akasema amedharauliwa kwao, Nuriat akasema amefanywa yatima mbele ya wakwe. Miaka ikapita. Siku ya maziko Nuriat alikuja, akasimama nje ya geti, akarudi.

"Mtu aliyekata udugu," akasema Hajati, "sadaka yake ipitie mlango gani, mwanangu? Mimi mwenyewe sikumsukuma. Nilinyamaza nikaita subira." Asubuhi hiyo alikuwa amemtuma Faizal Kansanga kumwomba Nuriat aje kwenye hitima.

Nikala andazi. Nikafikiri haraka kuliko ninavyofikiri kawaida, na kawaida ninafikiri haraka mno. Nikisema sasa kwamba ndege walikuwa na mtama tu, atampigia Faizal simu ageuke njiani. Nuriat atabaki getini kwake, huyu atabaki chumbani kwake. Uongo wangu ulikuwa umeshapata kazi nzuri kuliko mimi.

Nikanyamaza. Nikaita hekima. Baadaye, nikiosha kikombe changu, nikasikia neno la Hajati kuhusu subira likinirudia, nikalifungulia bomba la maji ili lisisikike. Halikupungua.

Mpango mpya, ulio mpole: kuwahamisha ndege kwa hatua. Kila alfajiri nitamwaga mtama kidogo mbele zaidi, mstari mwembamba kutoka kibarazani kwangu mpaka ngazi ya jikoni. Jumapili watakuwa wamefika kwenye wali wenyewe, Hajati ataona sadaka imepokelewa, Nuriat atakuwa ndani. Hakuna atakayeumia. Nashangaa kwa nini watu husema mambo ya familia ni magumu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Uwanja umejaa wanawake. Masufuria makubwa, mawe ya mafiga, mchele wa kuchambuliwa kwenye nyungo. Nilijitolea kumenya vitunguu, mahali pazuri pa kuangalia mstari wangu wa mtama. Ulikuwa umebakiza kipande kidogo tu. Ndege walikuwa katikati ya bustani, wanasonga.

Nuriat alifika kabla ya adhuhuri. Mwanamke mrefu, leso ya njano, mkono mmoja umeshika geti. Hakuingia. Faizal alimwambia karibu shangazi, hakuingia. Wanawake wakaacha nyungo. Mwisho Hajati mwenyewe akanyanyuka, akafuta mikono, akavuka uwanja wote peke yake.

Walisalimiana kwa muda mrefu, salamu ndani ya salamu, habari za watu niliodhani wameshakufa. Kisha Nuriat akasema, "Umekonda, wifi."

"Na wewe umenenepa. Nani amekuwa akikulisha?"

"Hasira," akasema Nuriat, akaingia.

Ningeweza kuishia hapo. Yote yalikuwa yamekwenda kama nilivyopanga. Lakini Nuriat alikatiza bustanini kwenda kunawa, akasimama, akainama, akaokota kitu, akakiangalia kwenye kiganja.

"Salme, nani anawapa ndege mtama hapa?" Akaufuata mstari kwa macho, kutoka karibu na ngazi mpaka kibarazani kwangu. "Mstari mzima, kama umepimwa na fundi. Na wewe umeniita huku unalia ndege wamekataa wali. Ndege gani atakula kiporo chako na huku kuna mtama mpya? Hata mimi nisingekula."

Nilikuwa na kisu mkono mmoja na kitunguu mkono wa pili. Machozi yalikuwa yananitoka tangu asubuhi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua yalipogeuka kuwa mengine.

Hajati akaja mpaka mbele yangu. "Ni wewe?"

Nikasema ni mimi. Nikasema nilitaka ndege waje upande wangu. Lilikuwa jambo dogo sana nilipolisema kwa sauti. Ripoti nzima ikawa sentensi moja, na haikuwa na mapendekezo.

"Wiki nzima," akasema Hajati. Hakupaza sauti. "Wiki nzima nimemtafutia marehemu makosa. Nimemkagua ndani ya kaburi lake, mtu asiyeweza kujitetea. Kila jema alilonifanyia nimeligeuza nitazame nyuma yake kuna nini. Unalijua hilo?"

Nilikuwa sijui. Nilikuwa nimefikiria sadaka, na ndege, na Nuriat. Kwamba mjane alikuwa akimpoteza mume wake kwa mara ya pili, safari hii kwa mkono wake mwenyewe, hilo sikulifikiria. Na mimi ndiye ninayejisifu kwa kufikiri.

Nuriat akauliza kutoka bustanini, "Na hayo makosa umeyapata?"

Hajati akamgeukia.

"Nimekupata wewe," akasema.

Nuriat akajifunika uso kwa leso yake ya njano. Mabega yakatikisika. Nilidhani anacheka. Kisha nikaona wanawake wengine wameinamisha vichwa kwenye nyungo zao, wakichambua mchele ambao ulishachambuliwa.

Faizal peke yake ndiye aliyebaki amesimama. "Na paka?" akaniuliza.

Nikasema hakuna paka.

"Nimekaa na mtego tangu Jumanne," akasema. "Nimenunua dagaa."

Hajati aliniambia kitu kimoja tu mpaka jioni: hivyo vitunguu nivimalize.

Jumapili, 19 Oktoba

Nilikuwa nimeshafunga sanduku moja. Nilidhani ni ustaarabu kuanza kabla sijaambiwa. Nilimwandikia Phelister aniandalie kochi, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta.

Alfajiri Hajati akagonga dirisha langu kwa pete, kama anavyogonga sinia. Akasema nije na mtama wangu.

Tulisimama kwenye ngazi ya jikoni. Akaniuliza, "Huu mtama wako, ulikuwa ukiutoa kwa nia ya nani?"

Nilifikiri. Ilikuwa siku mbaya ya kusema uongo. Nikasema nilikuwa nautoa ili nimwoneshe dada yangu.

"Hiyo si sadaka, mwanangu. Hayo ni matangazo." Nadhani alitabasamu, lakini palikuwa bado na kiza. Akaniambia nichanganye mtama na wali, ninuie kwa mtu, nimwage kwa mkono wa kulia, nisiangalie nani anakuja.

Nikamnuia Mzee Mahmoud. Sikumjua. Lakini nilikuwa nimemharibia jina kwa mke wake wiki nzima na sikuwa na njia nyingine ya kumfikia. Nilishangaa jinsi ilivyo vigumu kumtakia mtu heri bila kujiona ukimtakia.

Akagonga. Nilikuwa nimeinama, nikaamua kweli sitaangalia. Nikasikia mbawa kwanza.

Kuhusu vyumba, nilimuuliza kama nimalize kufunga. Akasema, "Uende wapi? Umewazoesha ndege wangu mtama, nani atanunua?" Kisha akaingia kujiandaa, maana wageni walianza kufika. Kisomo kilikuwa kizuri. Pilau ilitosha. Nuriat alikula sahani mbili, akasema kwa sauti kubwa kwamba moja ni ya kaka yake, ile aliyoiacha harusini.

Nimefungua sanduku.

Jumanne, 21 Oktoba

Nuriat bado yuko. Alisema atalala siku moja, sasa amekunjua mikeka ya zamani na hazungumzii tena kuondoka. Kila alfajiri tunakaa watatu kwenye ngazi ya jikoni: Hajati, yeye na mimi. Mawifi hao wanaongea juu ya ndege bila kunyamaza, wanabishana nani alipika nini mwaka gani, wanacheka, na ndege hawaogopi. Yote niliyosoma kuhusu kimya yalikuwa ya bure.

Nimewaza sana juma hili, na nimebadilika. Nimeelewa kwamba kiumbe si kikombe cha ushindi. Nimeelewa kwamba anayetoa asitazame nani amekuja. Nimeelewa kwamba tamaa ya kupendwa, hata na shomoro, ikiachwa bila kuchungwa huvunja nyumba ya mtu mwingine kabla haijajenga yako. Phelister nimemwandikia ujumbe mrefu kuhusu hayo. Amejibu kwamba ameusoma nusu.

Jambo moja dogo tu nimeliona, nami naliandika kwa ajili ya kumbukumbu.

Yule shore anamwendea Nuriat. Si karibu naye: miguuni. Leo amepanda kwenye kandambili yake. Nuriat hakumtazama hata, alikuwa anasimulia habari za mchele wa zamani. Mimi niko hapa tangu mwanzo wa mwezi. Mtama ni wangu. Yeye amekuja Jumamosi na mikono mitupu.

Nadhani ni ile leso. Shore wanapenda njano, au wanafikiri ni papai. Nimemwomba Faizal, akipita mjini, aniangalizie kitambaa cha njano, iliyokolea zaidi. Kesho nitakaa ngazi ya chini, mbele yake kidogo, upande wa jua. Si kwa ubaya.

Na jioni, tulipokuwa tukikunja mikeka, nilimuuliza Nuriat, kwa upole tu, kama wajukuu wake kule Kansanga hawajaanza kumkumbuka.